Kwa nini aliyekuja nyuma yako ameingia kwanza: jinsi chumba cha dharura kinavyofanya kazi

Umefika hospitali usiku, mtoto ana homa. Benchi limejaa, unakaa. Baada ya robo saa anaingia mama mwingine, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, na kabla hajatafuta pa kukaa nesi anamshika mkono na kumpeleka moja kwa moja ndani. Wewe bado uko pale pale. Ndipo maneno yanapoanza kwenye benchi: "Huyo ni ndugu yake nesi." "Huyo ametoa kitu kidogo."

Kabla ya kuhamia huduma za afya ngazi ya jamii nilifanya kazi chumba cha dharura, na maneno hayo niliyasikia karibu kila zamu. Ukurasa huu ni kwa ajili ya mama, baba, bibi na mlezi yeyote wa Tarime na Serengeti. Unaeleza kinachotokea nyuma ya ule mlango, mambo ya kusema ukifika, na la kufanya nyumbani na njiani kabla hujafika. Nitasema pia yale yanayotukwaza sisi wauguzi. Siyasemi ili kulalamika: karibu yote yanakula dakika, na mtoto mdogo aliye mahututi hana dakika nyingi.

Foleni ya dharura si foleni ya kliniki

Kliniki ya kawaida aliyewahi ndiye anayeonwa kwanza. Chumba cha dharura hakiendi hivyo. Nesi wa mlangoni anamtazama kila anayeingia na kumweka katika moja ya makundi matatu. Kundi la kwanza ni dharura: mtoto huyu anaweza kufa sasa hivi, kwa hiyo anaingia ndani hata kabla ya kuandikishwa. La pili ni kipaumbele: anaweza kusubiri kidogo, lakini yuko mbele ya wengine na anaangaliwa mara kwa mara. La tatu ni wale wanaoweza kusubiri zamu yao. Baadhi ya hospitali hutumia rangi: nyekundu kwa dharura, njano kwa kipaumbele, kijani kwa wanaosubiri. Ukipewa kijani usidhani umedharauliwa. Ni habari njema kuhusu mtoto wako kwa wakati huo.

Kutazama huko hakuchukui hata dakika moja, ndiyo maana wengine hawaoni kama wametazamwa. Nesi anaangalia kama mtoto anapumua vizuri, kama mikono yake imekuwa ya baridi, kama anaamka akiguswa, kama ana degedege, na kama macho yamedidimia kwa kuharisha. Homa peke yake, hata ikiwa kali kiasi cha kukuunguza kiganja, haimwingizi mtoto kundi la kwanza ikiwa anapumua vizuri, ananyonya na anakutazama usoni. Mtoto anayelia kwa nguvu hanitishi kama yule aliyelala kimya begani kwa mama yake, miguu inaning'inia.

Utaratibu huu umeokoa watoto. Kule Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth Central ilipopanga upya namna ya kuwapokea watoto ili walio mahututi watangulie, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya asilimia 6 na 8. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2006. Kwetu Tanzania tiba ya dharura bado ni changa: idara ya kwanza kamili ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2010. Majengo mengi ya dharura unayoyaona leo kwenye hospitali za mikoa na wilaya yamejengwa kuanzia 2021, zilipotoka fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19. Majengo ni mazuri. Lakini jengo halichomi sindano, na usiku unaweza kukuta nesi mmoja au wawili wanahudumia wagonjwa wanaotosha kuwashughulisha watu sita.

Hapo ndipo ninapokuomba jambo moja. Hali ya mtoto hubadilika akiwa kwenye benchi. Ukiona amelegea kuliko alivyokuja, ameacha kunyonya, au pumzi imebadilika, inuka uje useme: "Nesi, hali imebadilika." Usiogope kuonekana msumbufu. Nimewahi kumkuta mama amekaa na mtoto ambaye tayari alikuwa na degedege, akisubiri jina lake liitwe kwa sababu tuliwaambia wote wakae watulie. Alitii mno.

Yaseme haya mlangoni, kabla ya kuulizwa jina

Ukimwona mtoto wako na dalili yoyote kati ya hizi, usikae. Mfuate mhudumu wa kwanza utakayemwona umwambie hiyo dalili yenyewe. "Mtoto anaumwa sana" kila mzazi anasema. "Mtoto hajanyonya tangu asubuhi" kunamfanya nesi ainuke.

- Hawezi kunyonya, kunywa wala kula, au anatapika kila anachopewa.
- Ana degedege sasa, au alipata degedege tangu ugonjwa huu uanze.
- Amelegea sana, haamki, au hakutambui.
- Anapumua kwa shida: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anakoroma akiwa macho, au midomo imegeuka rangi ya bluu.
- Viganja, ulimi na ndani ya kope vimekuwa vyeupe.
- Anaharisha na macho yamedidimia, au kinyesi kina damu.
- Hajatimiza miezi 2, na ana homa, au mwili ni wa baridi, au amekataa titi. Kwa mtoto mchanga, moja tu kati ya hayo linatosha.

Pumzi unaweza kuihesabu mwenyewe nyumbani. Subiri mtoto atulie au alale, fungua nguo uone tumbo na kifua, halafu hesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kuliko inavyotakiwa, na nimonia inawezekana. Ukija na hesabu hiyo mdomoni umenifanyia nusu ya kazi.

Kwa nini tunauliza maswali mengi

Siku moja alikuja bibi amembeba mjukuu wa miaka miwili, mtoto haamki. Mama yake alikuwa ameenda mnadani. Nikamwuliza, "Bibi, ameanza lini kuumwa?" "Mwanangu, mimi nimeletewa hivi hivi." "Amepewa dawa gani?" "Sijui." Simu ya mama haikupatikana. Tulipima malaria, tukapima sukari, tukaanza tiba, na baada ya muda mrefu bibi akafungua fundo la kanga kutafuta nauli. Ndani ya fundo kulikuwa na vidonge vya dawa mseto vilivyoliwa nusu na kipande cha karatasi kutoka duka la dawa. Majibu yote yalikuwa pale.

Kwa hiyo, ukiondoka nyumbani chukua kadi ya kliniki ya mtoto na kila dawa aliyopewa, hata kama ni pakiti tupu au chupa ya maji ya homa. Anayebaki na mtoto wakati wewe uko shambani, mnadani au machimboni ajue mtoto alianza lini kuumwa na amekula nini. Kama mtoto ana ugonjwa wa siku zote, kwa mfano sikoseli, kifafa au moyo, hilo ndilo neno la kwanza kusemwa.

Mitishamba nayo iseme. Najua kwa nini watu huficha: mwaka jana au juzi nesi fulani alimfokea mama mbele za watu. Tunafoka, sitakataa, na mara nyingi anayefokewa si aliyetukwaza. Ni mtu wa kumi na nne usiku huo. Hata hivyo nahitaji kujua kama mtoto amenyweshwa kitu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo humlegeza, hushusha sukari au huumiza ini na figo, na bila kujua nitatafuta sababu mahali pasipo. Mwambie nesi pembeni kama watu ni wengi. Vivyo hivyo kwa kidonge cha mtu mzima ulichokigawa, au sindano aliyochomwa mtaani.

Degedege

Hakuna kinachotuletea watoto wakiwa wamechelewa kuliko degedege. Kwanza huitwa jirani, kisha mtu wa dawa, mtoto anafukizwa moshi au anapakwa dawa, na hospitali inafuata kesho yake. Nyuma ya ucheleweshaji huo kuna imani inayojulikana karibu Tanzania nzima, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Naelewa ilikotoka. Watoto waliofikishwa wakiwa hoi walichomwa sindano na baadhi wakafariki, na aliyeshuhudia aliiona sindano. Hakuziona saa kumi zilizotangulia.

Degedege kwa mtoto wa eneo letu mara nyingi huja na homa, na homa hiyo mara nyingi ni malaria, ambayo Kanda ya Ziwa bado ni kubwa. Malaria kali hushusha sukari, huathiri ubongo na hula damu. Tiba yake ni sindano ya artesunate, ambayo hutolewa mara moja, ikarudiwa baada ya saa 12 na saa 24, na mtoto akiweza kumeza anamalizia dozi kamili ya dawa mseto ya siku 3. Mzazi anayeona mtoto kaamka baada ya sindano akaondoka bila dawa mseto ameiacha kazi nusu. Wakati mwingine daktari huomba kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo ili kujua kama ni homa ya uti wa mgongo. Kipimo hicho nacho kinaogopwa kuliko kinavyostahili. Uliza, ueleweshwe, lakini usikimbie na mtoto.

Mtoto akipata degedege nyumbani, mlaze ubavu mahali pasipo na moto wala jiwe, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usimwekee kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni, hatameza ulimi. Usimnyweshe chochote mpaka aamke kabisa. Usimmwagie maji ya baridi. Degedege ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajaamka, hiyo ni dharura ya kundi la kwanza. Hata ikiisha mapema, mlete siku hiyo hiyo. Na akishaamka vizuri, mnyonyeshe njiani, maana maziwa ya mama yanasaidia sukari isishuke.

Mbwa, na wanyama wengine wanaouma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wilaya ya Serengeti inajulikana duniani kwa jambo hili. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakifuatilia kichaa cha mbwa katika vijiji vinavyozunguka hifadhi, na wamekuta kwamba ugonjwa unaendelezwa na mbwa wetu wa nyumbani. Si fisi wala simba. Chanjo ya mbwa ikifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kuendelea. Afisa mifugo akitangaza siku ya chanjo, mpeleke mbwa wako, hata yule wa kulindia ng'ombe asiyeshikika.

Kinachoniuma ni kwamba kichaa cha mbwa kinazuilika karibu kabisa kabla dalili hazijaanza, na zikishaanza hakitibiki. Mgonjwa anayeogopa maji na kuhangaika hatuwezi kumrudisha. Kwa hiyo kazi yote iko siku ya kuumwa. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kwa saa, kwa maana hiyo hiyo ya dakika 15. Kuosha kunaondoa sehemu kubwa ya virusi. Kisha nenda kituoni siku hiyo. Hata mkwaruzo wa jino, au mate yaliyoingia kwenye kidonda, ni sababu ya kuja. Watoto mara nyingi huficha wasichapwe kwa kumchokoza mbwa, kwa hiyo uliza bila fimbo mkononi.

Chanjo ya binadamu haipatikani kila kituo. Piga simu au mtume mtu aulize kwanza, usije ukapoteza siku ukizunguka kutoka zahanati hadi zahanati. Huchomwa mara kadhaa kwa tarehe zilizopangwa. Tunawapoteza wengi baada ya sindano ya kwanza, kwa sababu ya nauli au kwa sababu kidonda kimekauka. Kidonda kukauka hakuna maana yoyote hapa. Ziandike tarehe nyuma ya kadi. Kama unaweza, mwangalie mbwa kwa siku 10 akiwa amefungwa. Asipougua wala kufa, mwambie nesi. Lakini usisubiri siku hizo ndipo uanze chanjo.

Nyoka ni habari nyingine. Mtoto anayechunga, au anayelala chini, huumwa na kifutu aliyelala njiani au swila aliyeingia ndani akifuata panya. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na sisi tulio vijijini tunaelewa vizuri neno hilo "kusahaulika". Usichanje, usinyonye sumu, usiweke jiwe la nyoka, na usifunge kamba ya kukaza. Kamba tumeiona ikiua mguu ambao sumu ingeuacha. Vua bangili, pete na kiatu kabla ya uvimbe, mlaze mtoto asitembee, funga mti kando ya mguu au mkono usichezechezi, kisha mbebe. Kama swila amemtemea machoni, osha kwa maji mengi mara moja. Usimfukuze nyoka ili umlete. Kumbuka rangi na saa aliyouma, inatosha. Ukimwona nesi anachora mstari kwa kalamu kwenye ngozi, anapima uvimbe unavyopanda, usiufute.

Moto na sumu, kwa kifupi

Mtoto akimwagikiwa na uji au chai, mwagia sehemu hiyo maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si majivu. Tunalazimika kuyakwangua hayo juu ya ngozi mbichi. Akinywa mafuta ya taa au dawa ya kuogeshea ng'ombe, usimtapishe wala usimpe maziwa; mlete pamoja na chupa. Na tafadhali, mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda.

Kuharisha nako, pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi, anza kumpa nyumbani na uendelee njiani, kijiko kwa kijiko. Zinki humezwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Binti anayevuja damu mwezi wa Desemba

Wauguzi wa Tarime na Serengeti tunaijua Desemba. Shule zimefungwa, ngoma zinasikika, na usiku wa manane analetwa binti amefungwa khanga tatu, zote zimelowa. Wanasema ameanguka kutoka mtini. Wanasema ni hedhi. Tunapoteza muda kwa maelezo ambayo hata anayeyatoa hayaamini.

Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote. Woga wa sheria ndio unaowafanya wazazi wamfiche mtoto mpaka damu imekwisha. Sitakudanganya kwamba hakuna atakayeulizwa. Ustawi wa jamii watajulishwa. Lakini mlangoni tunaanza na damu, sio na polisi. Ukisema ukweli tunajua pa kuzuia damu, tunampa kinga ya pepopunda, tunaandaa damu ya kuongeza. Kila saa ya kuficha inatolewa kwenye uhai wake.

Kama bado hajakatwa na unaogopa atakatwa, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Zipo nyumba salama Mugumu na Masanga zinazopokea mabinti wanaokimbia, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi. Nimeona mama wakiwasindikiza binti zao kwa siri, usiku, kwa miguu.

Yanayotukwaza ndani

Yapo ambayo mzazi hawezi kuyatatua. Dawa inaisha stoo, umeme unakatika mashine ya oksijeni ikiwa inafanya kazi, nesi mmoja anaandika, anachoma sindano na anamtuliza mama aliyefiwa kitanda cha jirani. Kisha anageuka kwako na uso wa kawaida. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea wamesamehewa malipo kwa sera ya serikali, lakini dawa ikikosekana unaambiwa ukanunue nje. Hapo hasira humwangukia nesi, ambaye hakuimaliza yeye. Una haki ya kuuliza dawa ni ya nini, na ya kudai risiti kwa kila unacholipa. Ukiombwa pesa bila risiti, mfuate mganga mfawidhi au tumia sanduku la maoni. Usimpige nesi. Naliandika hili kwa sababu linatokea.

Mengine yako mikononi mwenu. Ndugu kumi wakiingia na mgonjwa mmoja, hatuwezi kufika kitandani. Aingie mmoja anayejua habari za mgonjwa, wengine wabaki nje, na mmoja wao ashike simu yenye salio. Mtu aliyejeruhiwa kwa panga, ajali au kubakwa huhitaji fomu ya polisi, PF3, lakini usimpitishe kituoni akiwa anavuja damu. Mgonjwa aje hospitali, mwingine aifuate fomu.

Na damu. Mtoto mweupe kwa malaria anahitaji kuongezewa damu ndani ya saa, si kesho. Damu hainunuliwi wala haitengenezwi. Nimeona wanaume watano wenye afya wakitazamana nje ya dirisha, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Anayefaa ni mwenye miaka 18 hadi 65, kilo 50 na zaidi, na mwenye afya njema. Ingekuwa bora zaidi kuchangia siku ambayo hakuna wa kwenu anayeumwa, timu ya damu salama inapokuja shuleni au sokoni, maana ya usiku huo hupimwa kwanza na kupima kunachukua muda.

Usafiri na rufaa

Mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga wa hadi siku 28 wana mfumo wao wa dharura unaoitwa m-mama. Piga 115 bila malipo. Anayepokea atakuuliza hali ilivyo kisha atatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo, si na wewe. Iandike namba hiyo kwenye simu ya kila mtu wa nyumba, na ukutani pia.

Kwa mtoto mkubwa zaidi ya hapo bado tunategemea bodaboda na jirani mwenye gari. Kubaliana na dereva mmoja mapema, mjue kwa namba, aijue njia ya kwenu wakati wa masika mto ukijaa. Mtoto anayepumua kwa shida asilazwe chali kwenye bodaboda. Mpakate akiwa amekaa wima, uso ukiwa wazi. Usimfunike gubigubi kwa sababu ya vumbi.

Ukipewa rufaa kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, au kutoka wilaya kwenda Musoma au Bugando, ondoka na karatasi ya rufaa mkononi mwako. Isome, au msomeshe mtu: iwe na dawa alizopewa na saa alizopewa. Muulize nesi kama ameshapiga simu kule mnakokwenda. Ukifika usikae kwenye benchi na karatasi hiyo mfukoni. Itoe, inyooshe mkononi, useme, "Tumetumwa kwa rufaa," halafu taja ile dalili.